AKIBA INAYOKATWA KWENYE MSHAHARA: ZAWADI IPO, LAKINI TUILINDE NJIA YAKE



Mwezi uliopita nilisimama na wenzetu wa zamu ya usiku nje ya lango la kiwanda kimoja hapa Kigali, tukingoja basi la kwanza la asubuhi. Mazungumzo yalikuwa ya fedha, kama ilivyo kawaida ya watu ambao siku ya mshahara imepita juma moja tu na mfuko umekwisha kukauka. Kijana mmoja akaniuliza: "Mzee, ni kweli kwamba mtu akiweka akiba anaongezewa nyingine juu yake? Au ni maneno ya mikutano?"

Nikamjibu kwamba ni kweli. Lakini nikamwambia pia kwamba mimi mwenyewe nimeona watu 41 wakiikosa zawadi hiyo, ingawa fedha yao ilikatwa kila mwezi bila kukosa. Basi likafika kabla sijamaliza kueleza. Nikamwahidi kwamba nitaandika jambo hili katika kurasa zetu, ili yeye na wengine walisome wakiwa wametulia. Leo natimiza ahadi.

AKIBA YA MABAKI SI AKIBA

Mimi elimu yangu ni ya shule ya msingi tu. Hesabu ya kutoa tulifundishwa hivi: mshahara, toa matumizi, kinachobaki ndiyo akiba. Nilifuata hesabu hiyo miaka mingi na kila mwezi jibu lilikuwa sifuri. Si kwamba nilikuwa mlevi au mpenda anasa. Kodi ya nyumba, chakula, nauli, daftari za watoto, mchango wa msiba, mchango wa arusi, vyote vilikuwa na haki yao. Akiba haikuwa na mtu wa kuipigania, kwa hiyo ilikuwa ya mwisho kwenye foleni.

Hesabu inayofaa ni hii: mshahara, toa akiba, kinachobaki ndiyo matumizi. Ni namba zile zile lakini zimepangwa upya. Na njia ya hakika ya kuzipanga hivyo ni kuacha akiba ikatwe kabla mkono wako haujaishika fedha. Usichokishika hukitamani, na aliyekuja kukukopa hakioni.

Kuna njia tatu za kukatwa, na ni lazima mfanyakazi azitofautishe:

Kwanza, kukatwa kazini. Mhasibu wa kampuni anatoa kiasi ulichokubali katika mshahara wako, kisha anakipeleka kwenye mfuko wa akiba. Hapa fedha inapita mikononi mwa mwajiri.

Pili, agizo la kudumu. Unaiandikia benki yako, au SACCO yako, kwamba kila tarehe fulani ya mwezi itoe kiasi fulani katika akaunti ya mshahara na kukiweka katika akaunti ya akiba. Hapa mwenye kuamuru ni wewe, na wewe ndiye unayeweza kusimamisha.

Tatu, kukatwa moja kwa moja kwa idhini yako. Unampa mwenye kudai, kama mkopeshaji au kampuni ya bima, ruhusa ya kuja kujichukulia katika akaunti yako kila mwezi. Njia hii inataka uangalifu zaidi kuliko zote, kwa sababu mtu mwingine ndiye anayevuta. Usitie sahihi kabla hujasoma kiasi, tarehe, na namna ya kuivunja idhini hiyo.

ZAWADI YA BENKI INATOKA WAPI?

Hakuna mwenye duka anayegawa sukari bure bila sababu. Ukiona benki inatoa zawadi, uliza inapata nini.

Chukua mfano wa Uingereza. Katika miaka ya karibuni benki ya NatWest imekuwa na akaunti ya zawadi. Mteja mwenye malipo mawili au zaidi ya kukatwa moja kwa moja kila mwezi, kama umeme na maji, alirudishiwa pauni 4 kwa mwezi, na pauni 1 zaidi kwa kuingia katika programu ya simu ya benki. Jumla pauni 5. Lakini akaunti hiyo hiyo ilikuwa na ada ya pauni 2 kila mwezi, kwa hiyo faida halisi ilikuwa pauni 3. Tena sharti lilikuwa kwamba mteja aingize pauni 1,250 au zaidi kila mwezi. Tunajifunza mambo mawili: benki inamzawadia mteja ambaye mshahara wake unapita kwake bila kukoma, na zawadi huhesabiwa baada ya kutoa ada, si kabla.

Kwa hiyo hapa kwetu pia, karani akikusifia akaunti ya akiba, muulize maswali manne. Inalipa faida kiasi gani kwa mwaka? Ada ya mwezi ni kiasi gani? Kiasi cha chini cha kubakiza ni kipi? Nikitoa fedha kabla ya muda, ninapoteza nini? Akiba ya faranga 20,000 inayoliwa ada ya faranga 500 kila mwezi, baada ya mwaka imepoteza faranga 6,000. Hiyo ni akiba inayooza, na wahenga walituambia akiba haiozi.

ZAWADI ILIYO KARIBU YETU

Kwa mfanyakazi wa kima cha chini katika Rwanda, zawadi kubwa zaidi ya akiba haikutoka kwenye benki za biashara. Ilitoka kwenye mpango wa Ejo Heza, maana yake kesho njema. Sheria yake ilitungwa mwaka 2017, mpango ukazinduliwa Desemba 2018, na msimamizi wake ni RSSB, shirika la hifadhi ya jamii. Uliwekwa hasa kwa ajili ya watu ambao pensheni ya kawaida haiwafikii: vibarua wa mashamba ya chai, mafundi, wauza mboga, waendesha moto. Lakini mwenye mshahara naye haruhusiwi kukataliwa.

Mpango ulipoanza, zawadi ilipangwa kwa madaraja ya ubudehe. Mtu wa daraja la kwanza au la pili aliyeweka angalau faranga 15,000 kwa mwaka aliongezewa na Serikali kiasi kile kile alichoweka, mpaka kufikia faranga 18,000. Wa daraja la tatu aliyeweka angalau 18,000 aliongezewa nusu ya akiba yake, na kikomo kilikuwa hicho hicho cha 18,000. Juu ya hayo, mwekaji aliyetimiza masharti alikuwa na bima: akifariki, familia ilipewa faranga 1,000,000, na 250,000 za mazishi.

Tazama maana yake. Faranga 1,500 kwa mwezi ni 18,000 kwa mwaka. Mtu wa daraja la pili aliyeweka hizo alimaliza mwaka akiwa na 36,000, hata kabla ya faida ya uwekezaji. Sijui benki ya biashara inayomlipa mtu maskini faranga moja kwa kila faranga moja.

Kanuni za nyongeza hurekebishwa, na mambo ya madaraja nayo yamebadilishwa. Kwa hiyo kabla hujapiga hesabu yako ya mwaka huu, uliza RSSB au mhamasishaji wa Ejo Heza katika sekta yako kanuni iliyopo sasa. Lakini tabia ya zawadi hizi ni moja siku zote: kuna kiwango cha kufikia ndani ya mwaka. Ukikifikia, unapata. Ukipungukiwa hata kidogo, hupati. Hapo ndipo wenzetu 41 walipoangukia.

YALIYOTUPATA

Katika siku za mwanzo za mpango huo nilikwenda kiwandani kwao kufanya mkutano. Nilieleza faida, nikachora hesabu ubaoni kwa chaki, nikawashawishi. Watu 41 wa daraja la kwanza na la pili wakatia sahihi wakatwe faranga 2,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 24,000, kupita kiwango kwa nafasi kubwa. Nyongeza yao ingekuwa 18,000 kila mmoja. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikidhani kazi imekwisha.

Kila mwezi karatasi ya mshahara ilionyesha: akiba, 2,000. Watu wakaridhika. Hakuna aliyetazama akaunti yake, na mimi sikuwaambia watazame. Kosa hilo ni langu na nimeliandika hapa bila kujificha.

Mwaka wa hesabu ulipofungwa, mama mmoja wa idara ya vifungo alimwomba mwanawe ambonyezee *506# kwenye simu ili aone kesho yake njema imefika wapi. Simu ikajibu: 14,000. Akadhani mtoto amekosea. Akarudia. 14,000.

Mama huyu alikuwa na desturi ambayo wengine walikuwa wakimcheka. Karatasi zake zote za mshahara alizitunza katika mfuko wa plastiki chini ya godoro. Akazitoa, akazihesabu: kumi na mbili, kila moja imeandikwa 2,000. Kumi na mbili mara elfu mbili ni 24,000. Elfu kumi ziko wapi?

Alinijia siku ya Jumapili na mfuko wake mkononi. Hakunilaumu. Aliniambia tu: "Mwanangu, wewe ulituonyesha jinsi ya kuingiza. Sasa tuonyeshe jinsi ya kutafuta."

Tulipochunguza tukakuta kwamba miezi saba ya kwanza fedha ilipelekwa. Miezi mitano ya mwisho ilikatwa lakini haikupelekwa. Uongozi ulisema kwanza kwamba ni kosa la mtandao, halafu kwamba karani mpya alisahau. Tulikaa nao vikao vitatu. Katika kikao cha tatu yule mama alipanga karatasi zake kumi na mbili juu ya meza, moja moja, kama anayepanga sahani za wageni, na chumba kikawa kimya. Wengi wa wale 41 hawakuwa na hata karatasi moja. Zake ziliwasemea wote. Faranga 410,000 zilizozuiwa zikalipwa, 10,000 kwa kila mtu.

Lakini nyongeza haikurudi. Mwaka ulikuwa umefungwa na akaunti zilikuwa na 14,000, pungufu ya faranga 1,000 tu kufikia kiwango. Fikirini, ndugu zangu. Kama mmoja wetu angetazama mwezi mmoja kabla, kila mtu angeongeza 1,000 yake kwa simu, akafika 15,000, akapata 15,000 nyingine. Na kama fedha yote ingepelekwa ilivyokatwa, wale 41 wangepata 738,000 kwa jumla. Hatukupata hata moja. Hizo ni sare za shule za watoto wangapi?

Wako walioapa baada ya hapo kutoweka akiba tena. Nawaelewa. Lakini anayeacha kulima kwa sababu nyani walikula mahindi mwaka jana, anawaachia nyani shamba. Dawa ni kuweka mlinzi.

NAMNA YA KUWEKA MLINZI

Mambo tuliyokubaliana na wenzetu wa kiwanda kile baada ya mkasa huo, na ambayo wanayafuata mpaka leo, ni haya:

1. Usitupe karatasi ya mshahara. Kama mwajiri hatoi, idai. Kama inakuja kwa simu, usiifute. Ni ushahidi wako.

2. Kila mwezi, siku saba baada ya mshahara, tazama salio la akiba yako. Usiangalie kilichoandikwa kukatwa tu, angalia kilichofika. Ni mambo mawili tofauti. Asiyejua kutumia simu amwombe mtu anayemwamini, lakini namba ya siri aibonyeze mwenyewe.

3. Mjumbe wa wafanyakazi awe na daftari. Kila mwezi watu watatu wa idara tatu wamwonyeshe salio lao. Wakikuta fedha haijafika, aende kwa mhasibu siku hiyo hiyo, bila kungoja mwezi wa pili. Deni la mwezi mmoja ni rahisi kulidai. Deni la miezi mitano linageuka kesi.

4. Miezi miwili kabla mwaka wa hesabu haujafungwa, kila mtu ahesabu kiasi kilichobaki kufikia kiwango. Kama upo upungufu, ajaze mwenyewe kwanza, halafu adai mwajiri.

5. Mwenye akaunti ya benki au SACCO na apendelee agizo la kudumu lililo kwa jina lake kuliko kukatwa kazini, ikiwa anaweza kuchagua. Tarehe ya agizo iwe siku moja au mbili baada ya mshahara kuingia, maana agizo likikuta akaunti tupu, akiba hairuki na huenda ukatozwa adhabu.

Ulinzi huu si wa Ejo Heza peke yake. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 kuwa asilimia 12 ya mshahara: 6 anakatwa mfanyakazi, 6 analipa mwajiri. Watu wengi wanalalamikia kile wanachokatwa, na malalamiko hayo yana msingi kwa mtu wa mshahara mdogo. Lakini wachache wanafuatilia kama ile sehemu ya mwajiri inalipwa. Ile ni fedha yako pia. Ni jasho lako lililochelewa kulipwa. Mwajiri asiyeipeleka amekukata mara mbili.

USIFUNGE KILA KITU KATIKA SANDUKU MOJA

Akiba ya uzee haichukuliwi ovyo. Ejo Heza imelenga miaka 55. Hilo ni jambo jema, lakini mtoto akiugua usiku hawezi kungoja miaka 55. Nimemwona mfanyakazi mwenye akiba nzuri ya uzeeni akikimbilia kwa Banque Lambert, kama tunavyowaita wakopeshaji wa mitaani. Mtu akikopa 50,000 kwa riba ya 10 kwa mia kila mwezi, analipa 5,000 kila mwezi na deni bado limesimama pale pale. Kwa mwaka ni 60,000 za riba peke yake. Zawadi ya 18,000 upande mmoja, hasara ya 60,000 upande wa pili. Nani amefaidika?

Kwa hiyo gawa mara mbili. Sehemu moja iende katika akiba ya mbali, kwa kiasi kinachotosha kufikia kiwango cha zawadi, wala si zaidi kama kipato ni kidogo. Sehemu ya pili iende mahali pa karibu: ikimina cha watu mnaojuana, au SACCO ya umurenge. SACCO hizi zilianzishwa kutokana na uamuzi wa mkutano wa taifa wa Umushyikirano wa mwaka 2008, moja katika kila sekta kati ya sekta 416 za nchi, ili mtu wa kawaida asitembee siku nzima kuitafuta benki. Na kama una deni la Banque Lambert, akiba yako ya kwanza ni kulimaliza deni hilo.

Walimu wametuonyesha mfano. Katika Umwalimu SACCO, iliyoanza kazi mwaka 2008, mwalimu huweka asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi, na fedha hiyo hukatwa kabla hajaishika. Kwa mtu mmoja ni kidogo. Kwa walimu wa nchi nzima imekuwa chombo chao wenyewe cha kukopeshana, na mwalimu hana sababu ya kupiga hodi kwa mkopeshaji wa mtaani. Zawadi yao kubwa ni hiyo: mlango wa mkopo ambao ufunguo wake wanao wao. Wafanyakazi wa viwanda na mashamba tunaweza kujifunza hapo.

NENO LA MWISHO

Katika Kinyarwanda neno ejo ni jana, na neno hilo hilo ni kesho. Jana yetu katika kiwanda kile ilikuwa hasara ya faranga 738,000. Mwaka uliofuata, kwa daftari la mjumbe na salio la kila mwezi, kila aliyebaki katika mpango alifikia kiwango, na yule mama wa vifungo ndiye aliyechaguliwa kulishika daftari. Wale waliomcheka kwa mfuko wake wa plastiki sasa kila mmoja ana wake.

Kijana niliyeongea naye kituoni, jibu lako ni hili. Ndiyo, zawadi ipo. Kubali kukatwa, lakini usikubali kukatwa gizani. Mwezi huu, siku saba baada ya mshahara, tazama kilichofika. Kisha mwulize jirani yako wa mashine kama naye ametazama. Mkiwa wawili mmekwisha kuwa kamati.

Haba na haba hujaza kibaba, ndugu zangu, lakini ni kibaba kisichotoboka.

Umoja wa wafanyakazi udumu!